Kiduara cha Chini Kulia

Dada yangu Herminda hukaa ndani ya kiduara,
pembeni mwa runinga, chini kulia, saa tatu usiku,
amekatwa kiunoni kama picha ya pasipoti.
Mtangazaji ana meza, tai, bilauri ya maji.
Yeye ana mikono.

Mimi ni kiziwi tangu surua iliyonipata na miaka minne.
Dunia yote hunijia kwa vidole vyake:
vidole vilivyonifunga kamba za viatu
ndivyo sasa vinavyobomoa daraja,
vinavyochoma msitu juu ya vilima vya Valparaíso,
vinavyohesabu waliozama, walioachishwa kazi,
waliovuka mpaka na godoro kichwani.
Hebu fikiria kuisema vita kwa mwili wako.
Mtangazaji hutaja kombora, mdomo ukafungwa.
Herminda sharti alirushe,
kisha awe paa linaloangukiwa.

Hurudi saa tano, akipanda ngazi mia na kumi na mbili
maana lifti ya mlimani imekufa tangu Machi.
Huitumbukiza mikono katika karai la maji moto na chumvi.
Haniambii kitu. Kwetu sisi, mikono ikiwa majini
ni mlango uliofungwa.
Nimemwona usingizini, kidole gumba kikitikisika
juu ya blanketi: mafuriko, mafuriko.

Nikamwambia, acha. Dunia imeoza
nawe ndiwe unayeileta sebuleni.
Nikaizima runinga Juni nzima.
Nikapaka viti rangi. Unajua nilichokiona?
Viti.
Ubaya haukupungua hata chembe. Ulinikosa tu,
kama barua iliyopelekwa kwa jirani,
na yeye akawa anaubeba peke yake.

Julai, usiku wa mvua, nikaiwasha.
Nikakata boksi la viatu, nikamfunika mtangazaji,
tai yake, ramani zake nyekundu,
nikabaki na kiduara.
Ndipo nikaona.
Baada ya bei ya mafuta, kabla ya hali ya hewa,
mkono wake wa kushoto, chini kabisa, karibu utoke nje ya mstari,
uligeuka kiganja juu, ukagonga tumbo mara mbili.
Hiyo haimo katika kamusi yoyote ya ishara.
Ni yetu. Ya jikoni kwa mama, mwaka wa mgomo wa bandari:
aliyeona mkate umeiva alimwita mwenzake hivyo.
Upo. Njoo. Bado wa moto.

Nilipomuuliza alicheka, mabega yakaruka.
Kila usiku, akasema. Miaka sita.
Bosi anadhani ni namna ya kusema mawingu kiasi.

Sasa sikiliza (na anayekwambia usikilize ni mimi):
Jumamosi sokoni, muuza vitunguu mmoja, kiziwi pia,
mtu tusiyejuana,
alinipimia kilo, akanitazama,
akageuza kiganja, akagonga tumbo mara mbili.
Kituoni, wasichana wawili wenye sare za shule
waliagana hivyo hivyo, basi likawatenga.
Hawaujui mkate wa mama.
Wanajua tu kwamba maiti wakishahesabiwa
kuna mkono unaosema jambo jingine,
nao hausemi uongo.

Kesho pengine kutawaka tena. Sijadanganyika.
Nyasi za mlimani zimekauka, na bei ya mafuta ni ile ile.
Ila siku hizi natazama mpaka mwisho.

Sakafu inatetema kidogo: nyayo zake ngazini.
Anaingia na mvua begani.
Namuuliza kabla hajaifikia chumvi: Habari?
Anautazama mkono wake kwa muda,
kama mtu anayetafuta chenji mfukoni.
Njema, anasema. Halafu: na mbaya pia, nyingi.

Nimekaanga sopaipia za boga.
Kiganja juu. Mara mbili.