Zizi la Mafahali Wawili

Oulu, saa tisa usiku, Januari.
Aune Kariniemi amevua buti, soksi zinakauka juu ya hita.
Mashine inajigamba: nina vichwa vinane!
Aune anacheka puani. Vinne, mwongo wewe.
Vinne, kila kimoja na midomo miwili.

Tazama huyu mgawa zamu alivyofanya:
hesabu za dhoruba na ubanaji wa filamu,
zote nzito, kazitia kiini kimoja
zigombee kijiko kile kile,
na viini vitatu vimelala fofofo
kama mto ulioganda nje.

Wahenga walikataa mafahali wawili zizini.
Hawakumwona fahali huyu
anayengoja data kutoka kumbukumbu ya mbali,
mizunguko mia mbili, mdomo wazi,
mwenzake akila bila kumpiga kikumbo.
Zizi linatosha, ukijua nani ana njaa saa ngapi.

Aune anaandika mistari sita:
kwanza tafuta kiini kitupu kabisa;
ukikosa, ndipo ubananishe.
Anawasha upya. Feni inashusha pumzi.

Nyumbani, Ilpo amelala kitandani,
katikati.
Aune anasimama gizani na koti lake,
anapima nafasi iliyobaki.