Kata ya Wingu

Mwaka ule Mirongo ulipovunja kingo
ukaingia masjala bila kupiga hodi,
nilipanda juu ya meza, viatu mkononi,
na majalada ya herufi L hadi N kifuani,
kama mama aliyeokoa watatu akaacha saba.
Tuliyaanika uani, juu ya majabali,
kila karatasi na kokoto lake:
hati za viwanja vya Igogo, vyeti vya ndoa,
barua za askari waliokwenda wasirudi.
Serikali nzima ikikauka juani,
kuku wa mlinzi wakipita juu yake.

Ndipo likaja agizo: kila kitu kiende kwenye wingu.

Akaja Ndalahwa, kijana, na mashine yake inayomulika,
akatufunza siku tatu kwa chai na maandazi.
Wingu si wingu, alisema. Ni kompyuta nyingi
ndani ya jumba lenye baridi, mbali,
zinalindwa usiku na mchana.
"Sasa mbona mmeliita wingu?"
aliuliza Nkwimba wa mapokezi.
Kijana akatazama dirishani. Nje, juu ya ziwa,
wadudu walikuwa wamepanda kwa mamilioni,
nguzo nyeusi inayotembea majini.
"Hilo nalo ni wingu," alisema Nkwimba,
"na kesho alfajiri mimi ndiye wa kulifagia."

Kapteni Shigela alikuja kutoka kambini. Hakuketi.
Alibeba swali lake kama kibuyu kilichojaa hadi mdomoni:
"Siri ya mtungi aijuaye kata.
Ya wingu je? Kata yake kashika nani?"
Ndalahwa akataja funguo, mikataba,
maandishi yaliyofumbwa hata mwenye kuyatunza asiyasome.
Kapteni akasikiliza mpaka mwisho,
kisha akasema atatanguliza orodha ya sare na mahindi;
majina ya vijana wake yatangoja kwenye kabati la chuma
mpaka amjue mwenye kata.
Sikumcheka.
Mimi mwenyewe nimelala na ufunguo wa masjala shingoni
miaka ishirini na sita.

Halafu Milembe.
Huvuka maji kutoka Kome kila baada ya miezi mitatu
kuulizia mafao ya marehemu mumewe, Koplo Lutonja.
Safari zote hizo tulimpa neno moja: kesho.
Safari hii nikamwambia, keti mama, leo hatutafuti, tunabonyeza.
Nikabonyeza.
Hayupo.
Nikabonyeza tena, nikajaribu namba ya jeshi, akatokea:
*Lutanja*.
Nikaufungua ukurasa uliomulikwa. Mwandiko wangu.
Enzi zile O yangu ilikuwa na mkia.
Kumbe kosa langu halikuoza kwa tope la Mirongo,
limepanda juu, kavu, linang'aa,
limewekewa nakala tatu lisipotee.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tulibandika hivyo ukutani.
Hatukuandika habari za daftari lenye kosa.

Nilipotaka kusahihisha, radi ikapiga upande wa Kapripointi,
na Ndalahwa akasema, bila kuinua macho,
"Mtandao uko chini."
"Wingu limeanguka?" aliuliza Milembe, kwa upole,
kama anayeulizia hali ya mgonjwa.

Nikaingia stoo gizani. Sikuwasha taa.
L lina harufu yake, udongo na kutu ya pini.
Nikalitoa jalada, nikamwekea mapajani,
naye akalishika kama mtu anavyopokea mtoto wa mwenziwe,
akapitisha kidole juu ya picha ndogo ya pasipoti:
koplo, kofia imekaa upande.
"Na huko juu," aliuliza, "kofia yake imekaa hivihivi?"

Nikamwambia ndiyo.
Dalili ya mvua ni mawingu. Sisi wingu tunalo.
Nje mvua ya ziwa inapiga mabati,
na hapa ndani tumekaa, watu watatu na jalada moja,
kidole changu juu ya herufi O,
tunangoja.