Moja kwa Thelathini na Tano

Mwezi huu nina yuro kumi na moja
ndani ya kopo la kahawa.
Kopo lenyewe silitupi:
karatasi yake ya fedha itakuwa kioo cha taa
za lori la jeshi ambalo bado sijalinunua.

Jumamosi, Kouvola, baridi ya kukata masikio,
naingia soko la mitumba kabla wenye pesa hawajaamka.
Raili hanipi salamu, ananipa boksi.
"Tauno, kifaru hiki kimepungukiwa gurudumu.
Na ndege hii, mtu aliianza akaiacha."
Rahisi ghali, husema watu.
Hao hawajasimama mbele ya meza ya Raili
wakihesabu sarafu ndani ya glavu.
Tatu. Mbili na nusu. Haya, tatu,
lakini zote mbili.

Tangu kiwanda cha karatasi kizime mitambo
nimesoma uchumi wa vitu vidogo.
Kijiti cha plastiki, ukikipitisha juu ya mshumaa
ukakivuta taratibu, pumzi umeibana,
huwa uzi, na uzi huwa antena.
Makapi ya chai yakikauka
ni msitu mzima wa vuli.
Gurudumu nimelikata kwenye kizibo
cha dawa ya presha ya mama.

Ndani ya boksi la ndege, karatasi ya maelekezo.
Mtoto fulani alitia alama ya vema, penseli ya bluu,
hatua ya kwanza, ya pili, mpaka ya kumi na nne.
Ya kumi na tano: bandika rubani kitini.
Hapo penseli imekoma.
Rubani hayumo. Nimekung'uta boksi,
nimepapasa zulia kwa magoti.
Labda mtoto aliitwa kula akasahau kurudi,
labda alikua ghafla, mchana mmoja,
kama watoto wanavyotufanyia.
Nikaendelea na ya kumi na sita.

Kifaru nikakipeleka nyumba ya wazee,
mama aone kizibo chake kilipofika.
Akavaa miwani, akaivua.
"Kizuri," akasema,
sauti ileile anayosifia supu ya pale.
Akakigeuza tumbo juu kama samaki sokoni.
"Na watu?"
Wamo ndani, mama.
"Sisemi hao. Sisi tuliokuwa barabarani."

Alikuwa na miaka saba, mwaka wa arobaini na nne,
Karelia ikibaki nyuma na sufuria mekoni,
yeye ameshika mkia wa ng'ombe aitwaye Heluna.
Vyuma vikija, wanashuka mtaroni.
Vyuma vikipita, wanapanda,
ng'ombe kwanza.
Miaka yote hii nimepaka rangi
upande usiokuwa wake wa barabara.

Dukani ng'ombe wa kipimo hicho yupo.
Yuro kumi na tisa, posta mbali.
Basi nikarudi kwenye fremu tupu,
mifupa ya plastiki inayobaki
kila kitu cha maana kikishabanduliwa.
Usiku wa kwanza, mbavu.
Wa pili niliunguza kidole, sikufanya kitu.
Wa tatu na wa nne, miguu; wa nyuma umepinda,
nikasema ni uchovu wa safari.
Mkia ni uzi wa sweta ya mama mwenyewe,
ameninyofolea kwa meno.

Sasa kifaru kiko ukingoni mwa rafu,
kimempisha njia.
Yeye yuko katikati, juu ya makapi ya chai,
na nyuma yake nimeacha nafasi
ya mkono mdogo kuliko punje ya mchele.

Mama alimtazama mpaka chai ikapoa.
"Pembe," akasema. "Heluna alikuwa na moja tu.
Ya kushoto."

Nikafungua kisu.