Kipimo cha Kiza

Mimi ni fundi wa chokaa, Langoni, Lamu.
Mikono yangu imechubuliwa na matumbawe
miaka thelathini na moja,
na leo binti yangu ananifunza kujenga.

Simu ni ya shangazi yake, kioo kina ufa
uliopasua mbingu katikati.
Swabra ameketi kizingitini, anachimba.
Huko kila kitu ni tofali: udongo tofali, maji tofali,
hata jua limekatwa pembe nne
kama kipande cha halua.

"Unachimba kisima?"
"Shamba, baba. La uyoga."

Shamba chini ya ardhi! Nikacheka.
Nikamwambia, basi tia taa, mbona kiza hivyo?
Akanitazama kama nilivyomtazama kibarua mmoja
aliyekoroga chokaa kwa maji ya bahari.

"Uyoga hautaki taa.
Jua lina nguvu kumi na tano,
kila tofali moja mbele, hupungua moja.
Kwenye kumi na tatu uyoga hung'oka.
Kwenye saba mazimwi huja.
Mimi nalima hapo kati."

Hapo kati.
Nikaweka mwiko chini.

Nyumba hii tunayokaa, jua huingia kiwandani
kali, la kufumbisha macho.
Msana wa kwanza limeshapoa.
Msana wa pili walijua kwa vumbi linaloelea.
Ndani, sindano huitafuti kwa macho, waitafuta kwa vidole.
Na nyuma kabisa, nyumba ya kati,
ndiko alikozaliwa Swabra, ndiko tulikomwosha mama yangu,
mwezi mmoja huo huo.
Waliojenga hawakuandika namba ukutani.
Urefu wa boriti ulikuwa ndio upana wa chumba,
na kila chumba kilikula fungu lake la mwanga
kikapitisha kilichosalia.
Nami miaka yote hiyo nawashauri watu:
vunjeni, tieni dirisha.

"Umezaa?"
"Bado."
Nikanywa chai. Nikaswali alasiri, nikarudi.
"Bado, baba."

Watu husema majumba ya Shela yameota kama uyoga.
Wasemao hivyo hawajalima uyoga.
Huu hukaa kwanza, huwatazama jirani zake.
Yakitimia mashina matano uwanja mmoja
husita, hauongezi hata moja
mpaka uvune.

Magharibi ikakaribia, akaingia Twalib,
binamu yake aliyeko Malindi, mtaa wa Barani,
kwa bando la mama yake.
Kijana mwema. Akaona kiza, akaona huruma,
akapachika mienge minne ukutani.

Pu. Pu. Pu.
Mwekundu, wa kahawia, safu nzima,
uyoga ukaruka kutoka ardhini kama kwamba umetukanwa.

Swabra hakulia. Alinyamaza, jambo lililo baya zaidi.
Nikamwomba simu. Vidole vyangu vizito,
nikatumbukia majini mara mbili,
Twalib akanicheka mpaka nikamsikia akikohoa.
Kisha nikamjengea ukuta, nikauvunja kona
kama daka, ili mwanga ukiingia uchoke njiani.
Mwenge mmoja tu, nje.
Yeye akihesabu matofali: kumi na mbili, kumi na moja, kumi...
"Simama hapo hapo, baba."

Usiku, chaji asilimia nne, akanionyesha bakuli.
Mchuzi wa uyoga, mwekundu mmoja na wa kahawia mmoja.
"Kunywa."
Nikainamisha uso kwenye kioo, nikanywa.
Simu ikazima nikiwa bado nameza.

Asubuhi nilikuwa kwa mteja, Mkomani.
Ataka ukuta wa nyumba ya kati uvunjwe, tutie dirisha la kioo.
Nyundo ilikuwa mkononi, malipo ya awali mfukoni.
Nikarudi kiwandani, nikasimama juani,
nikaanza kutembea kuingia ndani, polepole,
kumi na tano, kumi na nne,
na mwenye nyumba ananifuata nyuma akiuliza
fundi, unahesabu nini?