Ndani ya Mipaka

Karatasi inasema niko salama.
Tatu nukta tisa, na kando yake, kwa herufi za sisimizi,
mpaka wa chini sifuri nukta nne, wa juu nne kamili.
"Velga, damu yako ni nzuri," akasema Daktari Kalve,
akanirudishia karatasi kama anayerudisha chenji.

Damu yangu ni nzuri.
Nani, basi, anavaa soksi mbili mbili mwezi wa Juni?
Nyusi za nani zimeishia katikati
kama reli ya zamani inayokatika ghafla kwenye nyasi?
Asubuhi nachomoa nywele kwenye tundu la bafu,
nazizungusha kidoleni, natupa.
Choo, siku ya nne. Samahani, lakini ndiyo siku ya nne.
Na kituo cha sokoni nilikisahau jina
kipaza sauti kikiwa mkononi,
miaka kumi na saba nikiendesha tramu hiyo hiyo ya Liepāja.

Gundars anasema ni umri. Dada yangu anasema ni huzuni.
Kitanda wasichokilalia,
kunguni wake wamewajulia wapi?

Kidonge nameza. Saa kumi alfajiri, kabla ya zamu,
na kahawa nyeusi, na kalsiamu ya mifupa,
vyote funda moja: ndivyo tulivyolelewa, usipoteze muda.

Usiku mmoja, nimelala saa tisa na bado sijapumzika,
nikashusha boksi la viatu lenye majibu ya miaka sita,
nikayatandaza sakafuni.
Nilidhani namba hii ni nguvu ya tezi yangu,
kwamba ikipanda, nami nimepanda.
Kumbe ni sauti ya msimamizi aliye kichwani
akiigongea mlango tezi ya shingoni: amka, kumekucha!
Namba ikizidi, kelele zimezidi,
na aliyelala hajaamka.
Nikautafuta mwaka niliokuwa mzima,
ule wa harusi ya Sanita, nilipocheza hadi soli ikabanduka.
Moja nukta moja.
Hiyo nayo, ndani ya mipaka.
Mipaka mipana, jamani.
Mtu anaweza kupotea humo humo
asitokee wa kumtafuta.

Oktoba zamu ilikuwa ya daktari mgeni, Agrita Skuja.
Hakuanza na karatasi. Alianza na viganja vyangu.
"Kidonge unakimeza saa ngapi? Pamoja na nini?"
Nikamtajia kahawa. Nikamtajia kalsiamu.
Akatabasamu, bila kejeli:
"Unakipandisha kwenye tramu, kisha unakishusha kabla ya kituo."
Akaagiza homoni zenyewe zipimwe, ambazo hakuna aliyewahi kuziuliza,
na akiba ya chuma.
Chuma kikarudi saba. Saba!
"Huenda ni hiki, huenda ni kile, huenda ni vyote,
na huenda lipo la tatu tusilolijua. Wiki sita, tupime tena."
Sijawahi kupashwa moto na neno "huenda"
namna ile.

Sasa ni kidonge na maji matupu.
Kahawa inangoja saa nzima, inanikodolea macho toka jikoni.
Kalsiamu ni ya usiku.
Hii ni wiki ya nne. Sijapona, nisiwadanganye;
soksi bado ni mbili mbili.
Ila jana, tramu ikikata kona,
jina la kituo lilikuja lenyewe mdomoni,
nikalitamka,
na bibi mmoja mwenye kapu la kabichi
akainuka, akashuka.