Gunia la Mhazigi

Nilikuwa na miaka tisa aliponiambia:
tia mkono, usichungulie.
Ndani ya gunia lililonuka karafuu za mwaka jana
mlikuwa na mbuzi mzima asiye na nyama,
kachemshwa, kaanikwa jamvini siku saba,
kisha kavurugwa.
"Nipe pingili ya tatu kutoka kichwani."
Nikampa ya pili.
Akairudisha, akatikisa gunia,
akaendelea kuchambua makonyo.

Ndivyo Bi Mgeni binti Faki alivyofundishwa na babake,
na babake na mwanamke mmoja wa Kojani
ambaye jina lake halikubaki.
Limebaki gunia.

Hapa Piki, mwaka wa neema ndio mwaka wa kuvunjika.
Mkarafuu una khiana: mti mrefu, tawi kama biskuti.
Huku pishi zinahesabiwa, kule mtu kaanguka,
analetwa juu ya mlango uliong'olewa.
Bi Mgeni haulizi jina.
Anauliza: umeangukia ubavu gani?
Kisha anafumba macho.
Vidole vinateremka muundi, polepole, vinasimama.
Hapa.
Anamzungumzisha bei ya karafuu,
na mgonjwa akifungua kinywa alalamike,
kah!
mfupa ushaingia nyumbani.

Kuganga ni kuunga, aliniambia akikaza mabanzi ya mwanzi.
Ndilo neno lenyewe.
Mizizi na makombe yamekuja baadaye.

Halafu Shaame wa Kombo Asaa, miaka saba, mkono wa kushoto.
Alimfunga kwa huruma,
na huruma ilikaza kupita kiasi.
Mvua siku tatu, njia imekatika,
mtoto analia, mama anasema mfupa unashika.
Siku ya nne vidole vilikuwa rangi ya karafuu kavu.
Wete walimwokoa Shaame.
Mkono haukurudi.

Yaliyopita si ndwele, walimwambia watu, tugange yajayo.
"Kwangu ndiyo ndwele," akajibu.
"Na yajayo nitayaganga kwayo."

Mwaka mzima hakugusa kiungo cha mtu.
Kila Jumatatu alikwenda hospitali, akakaa kwenye benchi
pamoja na wagonjwa, naye haumwi kitu,
hata mpiga picha za mifupa akamchoka,
akampachikia moja dirishani: tazama basi, bibi.
Akaweka kidole juu yake. Akafumba macho.
"Baridi," akasema. "Haina kitu."
Kisha akafumbua, akatazama
mpaka adhuhuri ikaadhiniwa.

Alirudi na mambo mawili.
Mfupa uliotoboa ngozi haugusi: gari, Wete, sasa hivi.
Na kucha haifunikwi kamwe.
Unaibonyeza, inakuwa nyeupe,
unangoja damu irudi.
Ikichelewa, fungua, hata usiku wa manane,
hata wakikucheka.
Elimu yote ya babake, na ya yule wa Kojani,
imeongezwa mistari miwili,
na wa pili kauandika Shaame
kwa mkono asio nao.

Siku hizi Shaame anapima karafuu kituoni,
hasukumwi wala haonewi huruma, na mizani yake haipunji.
Mimi ndiye mpiga picha wa Wete.
Wakija na mabanzi yake sioni pa kukosoa,
ninaandika tu: mfupa umekaa sawa,
pahala pa jina la daktari naacha wazi.

Jana nilimkuta kibarazani, vidole vimejikunja kwa baridi yabisi.
Nilimbonyeza kucha, moja moja, kama alivyonifunza.
Damu ilirudi, kwa kujivuta.
"Umemaliza?" akasema. "Haya, lete gunia.
Nipe pia ya goti."
Nikatia mkono, sikuchungulia.
Akaipokea, akaisokota sakafuni kama pia ya watoto.
Ikazunguka mara mbili, ikalala.
"Huyu mbuzi mpya," akasema. "Yule wako keshasagika.
Tikisa, uanze tena."