Nakala Mia Mbili

Kijana wa shirika aliingia na vumbi la Makere mabegani,
akaweka flashi mezani taratibu, kama yai.
"Mama Spesioza, nakala mia mbili, pande zote mbili.
Kesho ni tarehe ishirini na moja Machi,
wageni wametoka Geneva."
Nikawasha mashine. Ikakohoa, ikakumbuka kazi.

Ya kwanza ilitoka na joto la mkate.
Ilisema, kwa Kiswahili kilichofunga tai,
kwamba mataifa yamekaa, yameafikiana,
mtu asitengwe kwa rangi yake, wala kwa nasaba.
Nasaba.
Nilirudia kulisoma neno hilo.
Lina harufu ya kabati la uhamiaji.

Maana mlangoni alishasimama Bitaho,
mwana wa Ntahondi, wa Heru Juu,
na bahasha yake ya kaki iliyolainika kama leso.
Mara ya nne mwaka huu analeta kile kiapo:
baba alizaliwa upande huu,
kitovu kimezikwa chini ya mgomba anaoujua.
Huko Dar alifungua kinywa tu, wakamwambia, wewe Mrundi.
Kaunta wakampa mtihani wa ulimi:
kwenu asubuhi mnasalimianaje?
Akajibu, Mwakeye.
Mtihani gani huo, jamani,
ambao hata Gitega wangeufaulu?
Salamu yetu haina kitambulisho.
Inavuka Manyovu alfajiri na gunia la maharage,
jioni inarudi, na hakuna aliyeigonga muhuri.

"Weka nane," akasema Bitaho,
"moja nitaishonea ndani ya shati."
Tukacheka, cheko fupi, lisiloonyesha meno.

Sikejeli warsha za watu.
Mwaka juzi wakili mmoja wa wageni hao
alimwandikia barua ya mistari sita,
na ile mistari sita ilimrudisha kazini miezi mitatu.
Miezi mitatu ni karo ya watoto wawili.
Karatasi si upuuzi. Mimi naishi kwa karatasi.

Nakala ya sitini. Ya tisini. Umeme ukapepesa, ukarudi.

Saa tisa akaja mwanamke wa kambini,
mtoto mgongoni, kadi ya mgawo kiganjani.
"Mwiriwe," akasema.
Sisi husema mwidiwe.
Herufi moja tu imeteleza, kama mguu kwenye tope,
nami nikaisikia kama kengele.

"Mia mbili," nikamwambia.

Bei ni mia. Iko ukutani, mwandiko wangu, wino mwekundu.
Lakini kuna mia ya pili isiyoandikwa popote,
na barabara nzima tunaijua:
muuza nyanya, kinyozi, fundi wa simu.
Hakubisha. Alifungua fundo la kitenge,
akahesabu sarafu moja moja juu ya meza.
Hilo ndilo lililonichoma baadaye usiku:
bei ile aliijua kabla hajaingia.
Na nyuma yangu mashine ikitema
usawa, usawa, usawa,
pande zote mbili.

Asubuhi kijana alihesabu akakunja uso.
"Mia na tisini na tisa."
Nikamwambia karatasi ilikwama.

Iliyobaki niliibandika juu ya ile bei.
Uji wa muhogo haushiki ukuta wakati wa masika;
ikaanguka Jumanne, ikaanguka Ijumaa,
nimeibandika tena leo, na msumari.

Mia yake nimeiweka kwenye kikombe kisicho na mkono.
Kila kitenge kikipita nanyoosha shingo.
Ningemwita, lakini nimwite nani?
Kadi niliilaza mwenyewe juu ya kioo,
mwanga ukapita juu ya jina lake kutoka kushoto hadi kulia,
mashine ikalisoma lote.
Mimi sikulisoma.